Siku Nne za Kwanza Guangzhou

Kabla ya kuondoka Dar es Salaam tuliwakusanya wazazi baada ya sala ya Isha, tukawaahidi mbele ya Imamu kwamba kila usiku wangesikia sauti za watoto wao. Wanafunzi walikuwa 14, wasimamizi wawili. Mama mmoja, mjane, alimruhusu mwanawe kwa sharti hilo tu. Tuliitoa ahadi hiyo kwa wepesi, maana kila mmoja wetu alikuwa na WhatsApp mkononi.

Tulitua Guangzhou jioni ya Jumanne, kupitia Addis Ababa. Hotelini pasi zetu zilichukuliwa moja moja ili tuandikishwe polisi, kwa kuwa sheria ya China inamtaka mgeni aandikishwe ndani ya saa 24 tangu afike. Kisha tukafungua simu. Intaneti ya hoteli ilikuwa nzuri, lakini ujumbe hata mmoja haukwenda. China huzuia WhatsApp, nasi hatukuwa tumeulizia jambo hilo kabla ya safari. Saa sita za usiku, ambazo nyumbani ni saa moja ya jioni, tulijua wazazi wanasubiri. Chakula cha usiku huo kilikuwa tende na biskuti tulizobeba, kwani hakuna aliyethubutu kuagiza kitu asichokijua.

Asubuhi kijana mmoja alisimama kusali Alfajiri akielekea kaskazini, kama alivyozoea tangu utotoni. Ilibidi tumgeuze. Kwetu Makka iko kaskazini. Guangzhou iko magharibi, kaskazini kidogo.

Jumatano tulikwenda Msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti mikongwe kabisa ya China. Jina lake lina maana ya kumkumbuka Mtukufu, yaani Mtume (SAW). Uliwahi kuungua, ukajengwa upya mwaka 1350 na tena mwaka 1695. Mnara wake, wenye urefu wa takriban mita 36, hauna nakshi. Ni mweupe na laini kama mshumaa. Wenyeji husimulia kwamba zamani uliwashwa taa kuongoza merikebu zilizoingia Mto Lulu. Wazee wenye kofia nyeupe walitutolea salamu kwa Kiarabu chenye lafudhi yao, na baada ya hapo tulielewana kwa mikono na tabasamu tu.

Ni hapo tulipojifunza alama mbili za maandishi ya Kichina zisomwazo "qingzhen", safi na kweli, ambazo Waislamu wa huko huziweka juu ya milango ya migahawa yao. Tangu saa ile vijana walitembea wakitazama juu. Tulizipata kwenye mgahawa wa tambi za Lanzhou, ambako mpishi huuvuta unga kwa mikono hadi ukawa nyuzi nyembamba, mteja akiona kwa macho yake. Vijana walikula mabakuli mawili mawili. Mtoto wa yule mjane hakumaliza hata moja.

Alhamisi tulikwenda Xiaobei, mtaa wenye wafanyabiashara wengi kutoka Afrika, na hapo tukasikia Kiswahili kabla ya kumwona msemaji. Alikuwa mtu wa Kariakoo aliyekuja kununua vitambaa.

"Shekhe," akatuambia, "huku WhatsApp haifunguki hivi hivi. Pigeni simu ya kawaida."

Akatoa simu yake. Wa kwanza kupigiwa alikuwa yule mama. Tulikuwa tumejiandaa kulaumiwa, na tulistahili: alikuwa amekwenda msikitini usiku wa pili mfululizo kuuliza habari, na kamati haikuwa na jibu. Yeye aliuliza neno moja tu: "Mwanangu amekula?" Kijana aliichukua simu, akajitenga kando ya marobota ya nguo, nasi tukageuza nyuso. Yule ndugu alikataa fedha zetu. Simu zile 14 zilimgharimu si haba.

Ijumaa tuliswali katika Msikiti wa Xianxian, wenye kaburi linalonasibishwa na Sahaba Saad bin Abi Waqqas (RA). Vijana waliuliza kama ni kweli. Tuliwajibu kama tulivyosoma chuoni: vitabu vya tarehe vinasema Saad alifia Al-Aqiq, akazikwa Baqii, Madina. Hata hivyo, kwamba Uislamu ulifika bandari ile mapema, kwa njia ya wafanyabiashara wa baharini, hakuna shaka. Uani hapakuwa na nafasi ya kupita: Wachina, Waarabu, Wapakistani na Waafrika bega kwa bega, na nje moshi wa mishikaki ya kondoo.

Jumamosi tulinunua laini ya simu ya Kichina kwa pasi ya mmoja wetu. Namba yake tuliituma nyumbani, na kamati ikaibandika kwenye ubao wa msikiti, chini ya nyakati za sala.