Karavani Ndogo kwa Safari Ndefu: Milton Keynes hadi Kisiwa cha Lewis

Wapwani wanaoishi Uingereza wamezoea safari za namna mbili: ya kuzuru jamaa wa mji mwingine, ambako mtu hutandikiwa sebuleni, na ya kurudi kwetu kila baada ya miaka kadhaa. Safari ya tatu, ya kuitembea nchi yenyewe wanamoishi, wengi huiahirisha, na sababu si uvivu. Mwenye watoto na mzazi mzee hujiuliza maswali matatu kabla ya kufunga mzigo: tutakula nini, tutatawadha wapi, na mama atajisitiri vipi. Hoteli hujibu swali moja au mawili, tena kwa bei. Karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa nyuma ya gari, hujibu yote matatu, mradi ichaguliwe kwa akili.

Nilikuwa Milton Keynes kwa ami yangu majira ya kiangazi alipokuwa akiitafuta. Bibi yetu alikuwa amekuja kutoka Mombasa, na aliposikia kwamba mwaka 2018 ulifunguliwa msikiti Stornoway, katika kisiwa cha Lewis kaskazini-magharibi mwa Uskoti, alishika neno moja: "Mwanangu, nipeleke nikauone kabla sijarudi kwetu." Ni mwendo wa kilomita 900 hivi kwa barabara, kisha bahari. Bibi ana magoti mabovu, na hawezi kukaa muda mrefu bila kwenda haja.

Karavani ya kwanza aliyoonyeshwa ami ilikuwa kubwa, ya vitanda sita, na bei yake ilishuka kila tulipogeuka kuondoka. Mwuzaji aliongeza kwamba pesa si tatizo, mkopo upo. Ami alimshukuru, akamwambia kuwa riba haimo katika hesabu zake. Lakini hata kama ingetolewa bure, isingefaa, kwa kuwa gari alilokuwa nalo ni Prius ya teksi, na Prius za miaka ile, kwa masharti ya kiwanda chenyewe, hazikuidhinishwa kukokota chochote. Wengi hawalijui hilo. Toyota ni Toyota, husema, na mtu akikumbuka Land Cruiser za Tsavo huona hakuna kinachoishinda. Ukweli wa kila gari umeandikwa katika kibati chake, aghalabu kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Hapo pana uzito wa juu wa gari likiwa limepakiwa, na chini yake uzito wa juu wa gari pamoja na kinachokokotwa. Toa wa kwanza katika wa pili, utajua mwisho wa kukokota. Gari la kilo 2,050 lenye jumla ya kilo 3,650 halitakiwi kuvuta zaidi ya 1,600. Usipouona uzito wa pili, usikokote mpaka uthibitishe katika kitabu cha gari.

Sheria kwa sasa ni nyepesi kuliko zamani. Tangu tarehe 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya kawaida ya gari anaruhusiwa kukokota hadi kilo 3,500, ilhali kabla ya hapo waliofaulu mtihani tangu 1997 walihitaji mtihani wa ziada kwa mizigo mikubwa. Lakini ruhusa ya serikali haimfundishi mtu kurudi nyuma na trela. Vyama vya wenye karavani humshauri mgeni wa kazi hii asizidishe asilimia 85 ya uzito wa gari lake, na ushauri huo naupenda kuliko sheria, kwa sababu unaitazama familia iliyomo ndani. Trela nzito nyuma ya gari jepesi ikianza kuyumba mteremkoni ndiyo inayoliongoza gari, wala si gari linaloiongoza.

Basi tukaanza upya, na safari hii tukaanzia kwa bibi. Alihitaji choo chenye mlango, mahali pa kutawadha asipoinama sana, kitanda kisichokunjwa kila asubuhi, na kidato kimoja tu cha kupandia. Ami na mimi na kijana wake tungelala katika hema la pembeni. Kwa hiyo vitanda sita havikuwa na kazi. Ilitosha karavani ya watu wawili, ile ambayo bafu huchukua upana wote wa nyuma. Tulizitazama pia Eriba za Ujerumani, zilizoanza kutengenezwa miaka ya 1950, ambazo paa lake hushushwa wakati wa mwendo na kuinuliwa kituoni. Huvutika vizuri kwa kuwa hazishindani sana na upepo, na zinashika bei hata zikizeeka. Bibi aliingia katika mojawapo, akageuka mara moja, akatoka. "Hii ya kijana asiyeoa," akasema, na suala likafungwa.

Iliyonunuliwa ilikuwa imetumika, kwa pesa taslimu, yenye uzito wa juu wa kilo 1,200 na kilo 1,040 ikiwa tupu. Tofauti ya 160 huonekana kubwa mpaka uanze kupakia. Betri, mtungi wa gesi, hema la pembeni, kebo ya umeme, viti, sufuria, sinia, gunia la mchele la kilo 10, nguo za watu watano: robo tatu imekwisha kabla hujaweka maji. Na maji ndiyo uzito wenyewe, lita moja kilo moja. Pipa la lita 40 husafiri tupu na kujazwa kituoni. Vizito hupangwa chini, juu ya ekseli, visiende nyuma kabisa. Uzito unaoegemea tufe la kuvutia uwe kama asilimia 5 hadi 7 ya karavani iliyopakiwa, usipite kikomo cha gari, na hupimwa kwa mizani ndogo ya bei nafuu. Ami aliipima mara tatu, na bibi akamuuliza kama anauza nazi.

Kabla ya kulipa, kulikuwa na kazi ya pua na vidole. Adui mkubwa wa karavani Uingereza ni unyevunyevu unaopenya kwenye maungio na kuozesha mbao taratibu, ilhali karatasi ya ukutani inabaki nzuri. Fungua kila kabati, nusa, bonyeza pembe chini ya madirisha, panaponepa, ondoka. Soma pia tarehe ya matairi. Karavani hukaa zaidi ya inavyotembea, hivyo tairi huweza kuzeeka likiwa na meno yote. Baada ya miaka mitano hivi yafaa libadilishwe.

Gari likaja mwisho, la dizeli, lenye nafasi kubwa nyuma, kilo 1,450. Asilimia 85 yake ni 1,232, na karavani ikaingia humo bila kulazimishwa. Dizeli ina nguvu ya kuondokea mlimani. Lakini anayeingia London aangalie: tangu Agosti 2023 mitaa yote ya jiji imo katika eneo la hewa safi, na dizeli isiyofikia kiwango cha Euro 6 hulipa pauni 12.50 kwa siku. Kwa hiyo ami hakununua ya kabla ya hapo, ingawa bei zake zinavuta macho. Magari ya umeme tuliyaacha kwa sasa. Mengine hayaruhusiwi kukokota, na mengi yanayoruhusiwa hupungukiwa karibu nusu ya mwendo wake.

Njiani tuliyafuata masharti: maili 60 kwa saa katika barabara kuu, 50 katika barabara ya njia moja, kutotumia safu ya kulia kabisa kwenye barabara kuu ya safu tatu, na vioo virefu vya pembeni, ambavyo kuvikosa huweza kugharimu pauni 1,000 na alama tatu kwenye leseni. Hakuna anayepanda ndani ya karavani ikiwa mwendoni, hata kwa kulala. Kwa hiyo tulisimama kila baada ya saa mbili, na hapo ndipo karavani ilipolipa deni lake: bibi aliingia, akafunga mlango, akatawadha kwa maji moto. Nje lori zikipita kwa kishindo; yeye ndani, mswala umetandikwa kuelekea kusini-mashariki. Kwenye mpando wa Drumochter, mita 460 hivi juu ya bahari, upepo ulitusukuma ubavuni, na ami akapunguza mwendo mpaka 40 bila aibu mbele ya foleni. Palipokuwa na nafasi ya kupisha, alipisha.

Katika meli ya Ullapool nauli ya karavani huenda kwa urefu, na udogo ukatusaidia tena. Gesi hufungwa kabla ya kupanda. Baada ya saa mbili na nusu hivi tuliiona Stornoway, mji wenye bandari na ndege wa pwani wengi, ambako familia za asili ya Pakistani zilifika karne iliyopita zikichuuza nguo nyumba hadi nyumba. Soseji maarufu ya mji imetengenezwa kwa damu, na siku ya Jumapili maduka mengi hufungwa kwa kuheshimu sabato yao. Jiko letu wenyewe lilitosha. Jua la Juni lilizama karibu saa nne na nusu za usiku, na weusi kamili haukuja kabisa. Kwa vile tulinuia kukaa siku tatu tu, tulikuwa wasafiri kwa madhehebu yetu ya Shafi, tukapunguza na kukusanya sala, na kwa wakati wa Isha tukawafuata wenyeji.

Ijumaa bibi aliuona msikiti wake. Jumatatu ami alipima tena uzito wa mbele, tukapanga foleni ya meli.