Nyau amezeeka, panya wamerudi

Nyau ana miaka 14. Siku hizi panya wanapita kwenye magunia ya mahindi naye anawatazama tu. Jirani yangu hapa Shirimatunda ananishauri nikamtupe sokoni, nichukue mwingine. Mwingine nimeshachukua, bado mdogo, kazi yake kung'ata kandambili. Nyau simtoi. Binti yangu wa miaka 7 anaona kila ninachofanya, na bibi yake, mama mkwe wangu, tunaishi naye humu humu.

Juzi Nyau aligoma kula, akawa anakunywa maji kupita kawaida. Binti akaja na Panadol kutoka kikapu cha dawa za bibi. Nilimpokonya. Wazazi wenzangu, kidonge kimoja tu cha dawa hiyo kinaweza kumuua paka! Daktari wa mifugo alimpima, akasema ni figo, ugonjwa wa paka wengi wazee. Hauponi, ila anaweza kutunzwa.

Jioni binti akauliza, "Mama, Nyau atakufa?"

"Atakufa, mwanangu. Lakini hapa hapa nyumbani."

"Na bibi?"

Nikamwambia bakuli la Nyau limekauka, aongeze maji.