Bagamoyo: Cheni ikikatika, usikubali kubebwa!

Msomaji wangu, kama unatafuta mahali pa karibu na Dar pa kwenda na kurudi siku hiyohiyo ukajiona umesafiri kweli, nenda Bagamoyo. Ni kama kilometa 70 hivi kuelekea kaskazini, njia ya lami. Ukifika unapokewa na harufu ya samaki wa kukaanga pale ufukweni, na nyumba za mawe zenye umri mkubwa kuliko wa babu yako. Wajerumani walipafanya makao makuu yao kabla ya kuhamia Dar mwaka 1891, na Wamisionari wa Kikatoliki wapo tangu 1868.

Lakini wiki hii sikuletei historia tupu. Nakuletea mambo ya kwenda Bagamoyo ukiwa na baiskeli ya miguu mitatu, ile ya kuendeshwa kwa mikono, halafu ikugomee ukiwa mbali na nyumbani. Miguu yangu haifanyi kazi tangu utotoni, hivyo baiskeli hiyo ndiyo miguu yangu. Mwenzangu ukikatikiwa na kandambili unavua, unatembea peku, maisha yanaendelea. Mimi cheni ikikatika, nimekwisha.

Safari ilianzia stendi ya Makumbusho. Konda wa Coaster akanitoza nauli mbili, yangu na ya baiskeli iliyopanda juu kwenye keria. Eti nayo inakaa! Nililipa, ila nikasimamia jambo moja: ifungwe nikiwa naangalia. Konda mwenye haraka anakaza kamba juu ya spoki, ukishuka unakuta rimu inacheza kama mlevi wa Jumamosi.

Mjini nikazunguka hadi raha. Nikapita Ngome Kongwe, nikala pweza, halafu nikashika njia ya Kaole. Hapo ni kama kilometa tano kusini mwa mji, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo za mawe. Wakati wa kurudi ndo mambo yakaharibika. Nikiwa kwenye mchanga, katikati ya minazi, nikasikia "kra!" Mikono ikawa inazungusha hewa. Pingili moja ya cheni imekatika na fri-wili meno yamelika. Chumvi na mchanga wa pwani havina urafiki na chuma, uwe umepaka grisi au hujapaka.

Hapo ndipo unapojua watu wetu wana roho nzuri, na unajua pia roho nzuri inavyoweza kukumaliza. Dakika tano hazijaisha wamejaa. Mama mmoja akaniwekea mia tano mapajani, akaondoka huku akiniombea. Nilikuwa nimevaa shati jipya la mikono mifupi na miwani ya jua, jamani! Kijana wa bodaboda akasimama, akamwuliza muuza madafu aliyekuwa pembeni yangu: "Huyu mgonjwa anapelekwa wapi?" Muuza madafu akasema hajui. Mimi mwenyewe nipo hapo, nina mdomo, nina masikio, hakuna anayeniuliza.

Wakakubaliana wenyewe. Nibebwe mzobemzobe, niwekwe kwenye bodaboda, nipelekwe stendi. Baiskeli ibaki, "ataifuata siku nyingine."

Msomaji, naomba unielewe hapo. Nikiiacha baiskeli pale Kaole, nashukaje Makumbusho? Nafikaje nyumbani? Kesho kijiweni naendaje? Kuanzia hapo kila hatua yangu ingekuwa mabegani mwa mtu. Bagamoyo ni mji wa mapagazi, waliokuja na pembe za ndovu kutoka bara wakatua mizigo yao hapa, na wapo wanaosema ndiyo asili ya jina lenyewe. Hata David Livingstone alifikishwa hapa kwa kubebwa. Chuma, Susi na wenzao walitembea naye kutoka sehemu ambayo leo ni Zambia, wakafika mwaka 1874. Lakini bwana yule alikuwa ameshakufa. Mimi bado nina pumzi!

Nikapaza sauti: "Kaka zangu, asanteni. Anayetaka kunisaidia aisukume baiskeli nikiwa juu yake." Kimya. Kisha yule muuza madafu akacheka, akaweka madafu yake kando. Nikamwonyesha pa kushika: chini kwenye fremu, maana ukisukuma egemeo la mgongo linachomoka. Bodaboda naye akatangulia kututafutia fundi. Nilimwomba fundi baiskeli, asilete wa pikipiki. Hizi zetu zina cheni ileile, fri-wili ileile na golori zilezile za baiskeli ya kawaida. Anayetengeneza Phoenix ya mzee wako anaitengeneza na hii.

Fundi alikuwa mzee mmoja chini ya mwembe, kanzu imejaa grisi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ilianza lini kulia?"

Swali lile aliniuliza mimi! Hakumwuliza aliyekuwa akinisukuma. Nikamweleza, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua. Akaitoa pingili mbovu, akagonga pini kwa nyundo na msumari, akafunga fri-wili mpya, akasogeza ekseli kidogo kwa sababu cheni ilikuwa imepungua. Kazi ya saa moja, elfu nane, na kikombe cha kahawa juu yake. Saa kumi na moja jioni nilikuwa stendi, nimefika kwa mikono yangu miwili. Ile mia tano ya mama nilimwachia muuza madafu, nikaongeza na yangu.

Sasa basi, wenzangu wa miguu mitatu, msiache kusafiri. Beba spana inayoingia kwenye nati zako, viraka na solusheni, pampu, kipande cha cheni ya akiba na kamba. Ukifika mji wowote uliza kwanza fundi baiskeli anakaa wapi, kabla hujauliza chipsi. Jua gari la mwisho linaondoka saa ngapi. Na ikikugomea, usikubali kutenganishwa nayo.

Nanyi wenye miguu yenu, msiache kusaidia, ila anzeni na swali: "Nikusaidieje?" Muulizeni mwenye baiskeli mwenyewe, maana ndiye anayeijua. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na mwendokasi yalipoanza Dar mwaka 2016 vituo vyake vilijengwa usawa na sakafu ya basi, mtu anaingia na kigari chake bila kunyanyuliwa. Makonda wa Coaster, nanyi tunawasubiri. Baiskeli yangu haijawahi kukaa kwenye siti ya mtu.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, natupa jicho Kisarawe. Milima ile si mchezo, lakini cheni ni mpya.