Neno Refu la Munganga, Ulikate Kama Muwa

Watu wanarudi kutoka lopitali Kolwezi na karatasi mukononi, wananiuliza: "Pasta, hapa wameandika nini?" Munganga anasema Kifaransa, na Kifaransa kile kimeazima maneno kwa Wagiriki wa zamani. Mugonjwa anashika mwanzo wa neno tu, mwisho unamupita.

Tuchukue "pneumoconiose". Usiogope urefu. Likate fundo kwa fundo: pneumo, koni, oze. Pneumo ni mapafu, koni ni vumbi, oze ni hali ya ugonjwa. Basi ni ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi. Sisi tuliopita Shule ya Biblia tulilikuta vumbi hilo mbele: katika Matayo 10:14, pale Yesu anawaambia wanafunzi wakung'ute mavumbi ya miguu, Kigiriki kinasema "koniortos". Koni ni ile ile.

Sasa ona hatari. Jamaa moja ya wachimbaji ilisikia "pneumo", ikasema: ni pneumonie. Wakanunua kapsule ku farmasi, wakangoja kijana apone. Pneumonie mara nyingi inapona kwa dawa za kuua vijidudu. Lakini vumbi la mawe likiisha kutia makovu ndani ya mapafu, hakuna kapsule ya kuyafuta. Kinachosaidia ni kutoka katika vumbi, na kupimwa makohozi, maana mapafu ya namna hii kifua kikuu kinayashika upesi. Na wanaobaki kazini wamwagie jiwe maji wakati wa kulitoboa. (Vijana wanatumainia kitambaa puani. Vumbi lile jembamba linapita tu.)

Wenye ugonjwa wa sukari nao wana mutego wao: "hyperglycémie" na "hypoglycémie". Hiper ni juu, hipo ni chini. Glis ni tamu, emi ni damu. Silabi moja tu inaachana! Lakini mwenye hipo anataka kitu cha sukari mara moja, kama angali anaweza kumeza. Mwenye hiper, hapana.

Kwa hiyo, mama, usitoke ndani ya chumba cha munganga na nusu ya neno. Muombe aliandike kwa herufi kubwa. Ulisome mbele yake polepole, akusahihishe. Kisha muulize: "Kwa Kiswahili ni kusema nini?" Karatasi ile uitie ndani ya kitabu cha dawa, mutoto anayesoma sekondari awasomee wote nyumbani jioni.