Anemoni na Samaki Wake

Waliozaliwa pwani waijua miamba ya matumbawe. Siku za bamvua, maji yakipwa sana, watu hushuka kutafuta pweza. Na mtu akichungulia katika vidimbwi vilivyosalia, pengine huona kitu mfano wa ua, kimeshika jiwe, na minyiri yake yachezacheza majini. Si ua wala si mmea. Ni mnyama, naye aitwa anemoni. Konyeza ni jamaa yake, na kama konyeza awashavyo mwili wa mwogaji, ndivyo anemoni achomavyo samaki wadogo wamgusao; akiisha kuwalegeza huwavuta kinywani akawala.

Lakini yuko samaki alalaye katikati ya minyiri hiyo salama salimini. Ni mdogo, aenea katika kiganja, na wa aina ijulikanayo zaidi ana rangi ya chungwa na mishipi mitatu myeupe. Jamaa zake wako hata katika bahari ya Afrika ya Mashariki. Mwili wake umefunikwa na ute, na ute huo ndio ngao yake. Hata hivyo, akifika kwa anemoni mgeni hajitupi ndani. Hugusa kidogo kwa pezi, akaondoka mbio, akarudi, akagusa tena kwa tumbo, mpaka wamezoeana. Tangu hapo samaki huwafukuza wale wapendao kudonoa minyiri, na kinyesi chake humlisha anemoni. Naye anemoni humficha na adui zake.

Watu wengi wa Ulaya, Marekani na Japani hupenda kuwa na jambo hili nyumbani, ndani ya tangi la kioo, na samaki wa mwambani hupelekwa kwao hata kutoka pwani ya Kenya. Basi tuseme mtu amenunua tangi la lita 200. Amelijaza maji, akatia chumvi ya namna ya bahari, si ya jikoni, kiasi cha gramu 35 kwa kila lita. Akapanga mawe, akafunga taa na pampu, na joto likakaa digrii 25 hivi. Siku ya pili maji yamekuwa maangavu kama umande. Mtu huyo hufurahi, akatamani kwenda dukani siku hiyo hiyo akalete anemoni na samaki wawili.

Akifanya hivyo atawaua. Maji yale ni maangavu, lakini hayajawa tayari kukaliwa. Kila kiumbe alaye hutoa uchafu, na katika uchafu hutoka amonia, iliyo sumu kali kwa samaki. Baharini sumu hiyo huliwa na bakteria, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho. Jamii moja huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile. Jamii ya pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana. Katika tangi jipya bakteria hao hawajazaliana. Mkulima alijua jambo hili kwa njia nyingine: samadi mbichi huunguza miche, nayo haifai mpaka ioze. Tangi nalo lahitaji majuma manne au sita, au zaidi, na mwenye tangi hupima maji mara kwa mara mpaka amonia na nitriti zimetoweka.

Hapo samaki waweza kuingia, lakini anemoni bado. Wafugaji wenye ujuzi humngojea miezi sita, wengine hata mwaka mzima, kwa kuwa hawezi kuvumilia maji yanayobadilika-badilika. Maji ya tangi hupungua kwa kugeuka mvuke, na chumvi hubaki, kama ibakivyo katika mashimo ya chumvi. Kwa hiyo huongezwa maji matamu kila siku, wala si ya chumvi. Tena anemoni ataka mwanga mwingi. Ndani ya mwili wake mna mwani mdogo mno, nao humpa chakula kwa nguvu ya mwanga. Akiugua huutoa mwani huo, akawa mweupe. Wanunuzi wasiojua humchagua huyo mweupe kwa sababu yu mzuri, kumbe yuko karibu kufa kwa njaa.

Hasara ya haraka si ndogo, kwa maana anemoni huishi miaka mingi sana. Mwaka 1828 Sir John Dalyell wa Uskoti alimtwaa mmoja ufukoni kwa North Berwick, wa aina ya bahari za baridi, akamweka katika mtungi wa kioo. Bwana alikufa mwaka 1851. Anemoni akatunzwa na wengine, akaishi mpaka mwaka 1887.

Siku ya kumleta, mfuko wake huelezwa juu ya maji ya tangi hadi joto lilingane. Kisha maji ya tangi hudondoshwa humo tone kwa tone, kama muda wa saa moja. Huwekwa penye ufa wa jiwe, na mfugaji huondoa mikono yake. Anemoni huchagua mahali pake mwenyewe, naye hutembea kwa mguu wake, polepole, mara nyingi usiku. Kama pampu haina kizuizi, huvutwa ndani akakatwakatwa, na mwili wake ukioza huweza kuua kila kiumbe tangini.

Samaki nao wana ajabu yao. Wote huanza maisha wakiwa madume. Wakichukuliwa wawili wachanga, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, yule mkubwa hugeuka jike, na mdogo hubaki dume. Jike akifa, dume hushika nafasi yake akawa jike. Wakiwekwa majike wawili pamoja, hupigana hata mmoja afe.

Pengine wawili hao huingia kwa anemoni siku ile ile. Pengine hupita majuma, nao walala pembeni karibu na pampu kana kwamba hawamwoni, hasa wakiwa wamezaliwa katika matangi na hawajapata kumwona anemoni. Wala si kila anemoni awafaa: aina zake zapita 1,000, na ziwapokeazo samaki hawa ni 10 hivi tu.

Wakiisha kukaa vema, jike hutaga mayai juu ya jiwe karibu na mguu wa anemoni. Dume huyapepea kwa mapezi, akayasafisha kwa kinywa, akayaondoa yaliyooza. Baada ya juma moja au zaidi kidogo huanguliwa usiku, giza likiisha kuingia, na watoto, wembamba kama nyuzi, hupanda juu ya maji. Mfugaji asiyewawekea chombo kingine mapema huamka asubuhi asimkute hata mmoja.