Bei ya Chumba Siku ya Kimbunga

Bei ni mapatano baina ya watu wawili walio huru. Muuzaji ana hiari ya kutaja thamani ya kitu chake, na mnunuzi ana hiari ya kukubali au kwenda zake. Hiari hizi mbili ndizo zinazoifanya biashara kuwa kazi ya heshima. Mmoja wao akikosa njia ya kwenda zake, mapatano hayapo tena, ingawa fedha zimetolewa na kupokewa. Nataka tulipime neno hili, msomaji, kwa mambo yanayotokea mbali na kwetu.

Katika jimbo la Florida, kusini ya Marekani, msimu wa vimbunga huanza Juni na kwisha Novemba. Kimbunga hujulikana siku kadhaa kabla hakijafika, na serikali huwaamuru wakazi wa ufukoni wahame. Mwaka 2017, kimbunga Irma kilipokaribia, watu zaidi ya milioni 6 waliambiwa waondoke. Ufikirie umati huo barabarani: wazee, wagonjwa na watoto wachanga ndani ya magari, usiku unaingia, na kila jamaa inatafuta mahali pa kulala. Saa hiyo mwenye hoteli ndiye mshika ufunguo.

Ufunguo huo watu wameutumia vibaya. Kimbunga Charley kilipoipiga Florida tarehe 13 Agosti 2004, mfuko wa barafu wa dola 2 uliuzwa kwa dola 10. Bibi mmoja wa miaka 77, aliyekuwa akikimbia pamoja na mume wake mzee na binti yao mlemavu, alitozwa dola 160 kwa usiku mmoja katika chumba ambacho kwa kawaida kilikuwa dola 40. Malalamiko zaidi ya 2,000 yalimfikia Mwanasheria Mkuu wa jimbo, maana Florida ina sheria ya kuzuia ulanguzi wa namna hiyo, iliyotungwa baada ya kimbunga Andrew cha mwaka 1992. Sheria hiyo huilinganisha bei ya siku ya hatari na bei ya wastani ya siku 30 zilizotangulia. Ziada kubwa mno, isiyotokana na kupanda kwa gharama, ni kosa.

Haki yataka upande wa pili nao usikilizwe. Wako wataalamu wa uchumi, Thomas Sowell miongoni mwao, waliosema kuwa bei iliyozoewa haina utukufu kuliko bei nyingine. Barafu ikiwa ghali, husema, wachuuzi wa mbali wataileta. Chumba kikiwa ghali, jamaa iliyotaka vyumba viwili itabanana katika kimoja, na mwingine atapata mahali. Hoja hii si ya kipuuzi. Nimeiweka mbele ya wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu mara nyingi, na kila mara imepata watetezi hodari. Mmoja wao, mtoto wa muuza mboga, aliniuliza: “Mwalimu, mvua ikiharibu barabara na sukuma wiki ikapanda bei, je, mama yangu ni mlanguzi?” Nilimjibu kuwa si mlanguzi. Mama yake naye amenunua kwa bei ya juu. Gharama imepanda, na bei imeifuata.

Lakini chumba si barafu, wala si mboga. Hakuna awezaye kujenga hoteli kwa usiku mmoja. Bei ikizidishwa mara nne, haiongezi hata kitanda kimoja usiku ule. Huchagua tu nani alale ndani na nani alale garini. Tena huchagua kwa uzito wa mfuko, si kwa uzito wa haja. Tajiri bado aweza kuchukua vyumba viwili, na maskini mwenye mgonjwa akakosa. Ikiwa shabaha ni watu wabanane, mwenye hoteli na aseme waziwazi: kila jamaa chumba kimoja.

Iko hasara kubwa zaidi. Aliyenyang’anywa akiba yake mwaka huu ataisikia amri ya kuhama mwakani kama amri ya kufilisika. Huenda akabaki nyumbani, na maji yakamkuta humo.

Simwambii mwenye hoteli apate hasara. Mafuta ya jenereta na malipo ya watumishi waliobaki kazini ni gharama za haki, na aziongeze. Hadaiwi sadaka, anadaiwa insafu.

Sheria ya Florida huanza kufanya kazi hali ya hatari inapotangazwa. Kabla ya hapo mlinzi ni dhamiri peke yake. Hata kwetu Kenya nauli hupanda mvua inyeshapo na Desemba ifikapo, na abiria hunung’unika akalipa. Wahenga walisema, kufa kufaana. Walisema pia, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali ya kwanza yaeleza watu walivyo. Ya pili yaeleza wapasavyo kuwa.

Siku moja, msomaji kijana, wewe pia utashika ufunguo: wa duka, wa gari, wa dawa au wa nyumba. Mwenye shida atasimama mbele yako. Jiulize: mtu huyu aweza kwenda zake? Akiweza, taja bei yako bila hofu. Asipoweza, mtoze gharama yako na faida ya kila siku, kisha mfungulie mlango.