Kicheko Mbele ya Jambo Jipya

Jambo jipya likiingia mjini, kicheko hutangulia kulipokea. Hutangulia mbele ya swali, mbele ya shaka, na mbali sana mbele ya ufahamu. Gazeti likitangaza kwamba wataalamu wamevumbua hili ama lile, msomaji wa kwanza hutabasamu, wa pili hutia chumvi, na wa tatu huipeleka habari sokoni ikiwa imekwisha kuwa mzaha. Msomaji wangu, usidhani kwamba nataka kukulaumu kwa hayo. Mimi ni mwalimu, na mwalimu asiyependa kicheko amekosea kazi. Nataka tutazame pamoja kicheko hiki ni kitu gani na chatupeleka wapi. Maana naona kwamba viko vicheko viwili vinavyofanana kwa sauti na kutofautiana kwa matendo. Kimoja hufungua mlango, na cha pili huufunga.

Na tuanze na kile kinachofungua. Tarehe 6 Machi 2007 ilianzishwa M-Pesa hapa Kenya, njia ya kupelekeana fedha kwa simu ya mkononi. Siku hizi hata muuza mchicha huitumia bila kuinua kichwa, lakini wakati ule, nami ni mwanafunzi wa sekondari, ilikuwa habari ya ajabu. Babu yangu alipoelezwa kwamba mwanawe aliye Nairobi ataweza kumpelekea fedha kwa simu, alicheka mpaka akavua kofia. Alisema kwamba ikiwa noti zapita hewani, yeye atatega wavu juu ya paa, apate walau zile zitakazowapotea wenzake. Wazee wote barazani wakacheka. Kisha akanigeukia akasema, "Mjukuu wangu, wewe ndiwe msomi wetu. Fedha zikiwa ndani ya simu, na simu ikatumbukia kisimani, zitalowa?"

Baraza ilicheka tena. Lakini litazame vizuri swali lile, msomaji, kwani ndilo hasa lililostahili kuulizwa: fedha ziko wapi? Wakala alipofungua duka kijijini kwetu, Babu alimwendea na mzaha wake ule ule, wala hakuondoka mpaka alipopata jibu. Fedha hazimo simuni. Huwekwa benki kwa amana, na hesabu ya kila mtu huandikwa katika mitambo ya kampuni. Simu ni kama ufunguo, na namba ya siri ni mkono uujuao ufunguo huo. Ufunguo ukizama kisimani, mwenyewe hupatiwa mwingine, akaikuta hesabu yake kama alivyoiacha. Watu wengi waliipokea habari ile kwa kutikisa kichwa kama wajuzi, na hata leo hawawezi kukuambia fedha zao hulala wapi. Mzee yule aliuliza kwa mzaha, akajibiwa kwa kweli.

Kwa nini mwanadamu hucheka mbele ya jambo jipya? Nadhani ni kwa sababu jambo jipya hututikisa, na kicheko hutuwezesha kuuficha mshtuko bila kukimbia. Humtania mgeni mkubwa kusudi tumpime: ni mpole au ni mkali? Hapana aibu katika hilo. Aibu ni kuishia katika utani, mgeni akakaa nyumbani mwaka mzima bila kuulizwa jina lake wala kazi yake. Na kukaa hivyo kuna hatari, kama kisa kifuatacho kionyeshavyo.

Mwezi wa Novemba 1895, mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Wilhelm Röntgen aligundua miali inayopenya nyama na kuonyesha mifupa. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe. Mifupa ya vidole ikaonekana, na pete ikaonekana imekizunguka kidole kisicho na nyama. Habari ilipoenea mwanzoni mwa 1896, nchi za Ulaya na Marekani zilijaa mzaha. Magazeti ya kuchekesha, kama Punch la London, yalitunga mashairi juu yake. Watu wakafanyiana utani kwamba tangu siku hiyo nguo si stara tena. Walakini, wakati walipokuwa wakizichekea nguo zao, hatari ya kweli ilisimama upande mwingine, haikuchekwa wala haikuulizwa. Miali ile ikizidi huunguza ngozi na kuharibu mwili. Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison, aliyefanya kazi nayo miaka kadhaa, alipatwa na vidonda, kisha saratani. Alikatwa mikono, na mwaka 1904 akafa. Ndiyo sababu mpiga picha wa hospitali leo hujitenga nyuma ya kinga kabla ya kubonyeza kitufe chake. Wahenga walisema kwamba mzaha mzaha hutunga usaha. Mzaha ule juu ya nguo haukuwa mbaya. Upungufu wake ni kwamba uliuliza miali itaonyesha nini, ukasahau kuuliza itafanya nini.

Turudi kwetu. Tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma iliteremka kutoka juu ikaanguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Kipenyo chake kilikuwa kiasi cha mita 2.5, na uzito wake kiasi cha kilo 500. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kwamba ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi, na kwamba vitu kama hivyo aghalabu hutengenezwa viungue vikirudi hewani, au viangukie mahali pasipokaa watu, kama baharini. Kwa bahati njema, hakuna aliyeumia. Nchi ilipokwisha kushukuru, ilianza kucheka. Shule zilipofunguliwa Januari, mwalimu mwenzangu alituambia kwamba sayari Zohali amevunja uchumba, amerudisha pete. Darasani nako utani haukwisha.

Sasa, darasani kwangu kuna kanuni moja. Mwanafunzi akileta mzaha juu ya habari ya sayansi, hupewa chaki, naye hana budi kuandika ubaoni swali lililomo ndani ya mzaha wake. Siku hiyo mvulana mmoja alisema, "Mwalimu, pete ile ingalimwangukia mbuzi wa babu yangu, tungalimshitaki nani, mwezi au jua?" Wenzake walipiga meza kwa kucheka. Nikampa chaki. Aliandika: "Kitu kikianguka kutoka angani kikaharibu mali, nani hulipa?"

Swali lile lilitushughulisha vipindi viwili. Tuliona kwamba uko mkataba wa mataifa uliotiwa nguvu mwaka 1972, usemao kwamba nchi iliyorusha chombo angani ndiyo yenye dhima ya hasara itakayofanywa na chombo hicho juu ya ardhi. Tuliona pia kwamba jambo hilo limepata kutokea. Mwezi wa Januari 1978, Cosmos 954, chombo cha Umoja wa Kisovyeti kilichobeba mtambo wa nguvu za nyuklia, kilivunjika kikatapakaza vipande kaskazini mwa Kanada. Kanada ilidai kiasi cha dola milioni 6 za nchi hiyo kwa gharama ya kusafisha, na mwaka 1981 ikakubaliana kulipwa milioni 3. Mbuzi wa babu alitufikisha katika sheria ya mataifa, mahali ambapo hotuba yangu peke yake isingalitufikisha. Hicho ndicho kicheko chenye mlango.

Nimekuahidi cha pili. Mwaka 1920, Robert Goddard, mwalimu wa chuo huko Marekani, alikuwa ameandika kwamba roketi yaweza kufika hata mwezini. Gazeti kubwa la New York Times lilimdhihaki katika tahariri yake ya tarehe 13 Januari. Mhariri alidai kwamba roketi haiwezi kwenda mahali pasipo hewa, kwa kuwa haina kitu cha kusukuma; akaongeza kwamba bwana yule amepungukiwa na maarifa yafundishwayo kila siku katika shule za sekondari. Fikiri, msomaji! Mhariri alimrudisha mwalimu wa chuo darasani kwako, akacheka na wasomaji wake, na shauri likaisha.

Kumbe aliyepungukiwa ni mhariri mwenyewe. Wewe waweza kulithibitisha hilo. Kaa katika mtumbwi juu ya maji matulivu, kisha rusha jiwe zito kwa nguvu upande wa nyuma. Mtumbwi utasogea mbele kidogo. Hukuisukuma hewa, umelisukuma jiwe, na jiwe limekusukuma wewe. Newton alikwisha kulieleza jambo hilo tangu 1687. Mawe ya roketi ni moshi wake wenyewe, autupao nyuma kwa kasi kubwa, nao hauhitaji hewa ya kuegemea. Tarehe 16 Machi 1926 Goddard alirusha roketi ya kwanza ya mafuta ya majimaji. Akafa mwaka 1945. Tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuanza safari ya kupeleka watu mwezini, gazeti lile lilichapisha masahihisho na kueleza kwamba lasikitikia kosa lake. Ni jambo la heshima kukiri, lakini masahihisho hayo yalichelewa miaka 49, na aliyestahili kuyasoma alikuwa kaburini.

Nakieleza kisa hiki kwa sababu nimeona mfano wake karibu zaidi. Nilipokuwa chuo cha ualimu, tulipelekwa katika shule moja kuangalia walimu wakifundisha. Nilikaa nyuma ya darasa. Somo lilikuwa juu ya mwendo, na mvulana mmoja mwembamba alisimama akauliza, "Kama huko juu hakuna hewa, roketi yasukuma nini?" Darasa zima liliangua kicheko. Mmoja alisema kwamba labda yasukuma malaika. Mwalimu naye alicheka, akaendelea na somo. Mvulana aliketi, akainamisha uso juu ya daftari. Nilikaa shuleni pale majuma matatu, na katika majuma hayo mkono wake sikuuona ukipanda tena.

Nilimtafuta siku moja wakati wa mapumziko, nikampulizia puto, kisha nikaliachia lirukeruke uani, nikamweleza. Alielewa upesi, wala hakuwa mzito wa akili. Lakini aliniuliza kwa sauti ya chini, akitazama kwanza kama kuna mwenzake aliye karibu. Sauti ile ya chini ndiyo iliyonisikitisha. Swali lake lilikuwa lile lile lililomshinda mhariri wa New York. Tofauti ni kwamba mhariri hakuuliza, alidhihaki, akapata sifa. Mtoto aliuliza, akapata fedheha. Msomaji wangu, nchi yenye watoto wanaouliza kwa kunong'ona itanunua maarifa ya wengine kwa bei yoyote itakayotajiwa.

Huenda ukasema, "Basi, Mwalimu, tuache kucheka, tuzipokee habari zote kwa adabu." La, sisemi hivyo. Asiyecheka kamwe naye hupotea. Tarehe 1 Aprili 1957 televisheni ya BBC, katika kipindi chake cha Panorama, ilionyesha jamaa wa Uswisi wakivuna tambi mitini kama watu wavunao matunda. Ulikuwa mzaha wa Siku ya Wajinga. Hata hivyo baadhi ya watazamaji waliuliza kwa dhati jinsi ya kuupanda mti huo, ijapokuwa tambi ni unga wa ngano uliokandwa. Leo, simu zetu zikituletea kila asubuhi dawa iponyayo maradhi yote na mashine iendayo bila moto wala umeme, twahitaji kicheko kiwe chungio. Mtu akikuuzia mti wa tambi, cheka kwanza, kisha muombe mbegu uzione.

Basi shauri langu kwako ni fupi. Icheke habari, usimcheke aulizaye. Habari haina moyo wa kuvunjika. Ikiwa ni ya kweli, itastahimili mzaha wako na wa wenzako, na ikiwa ni ya uongo, mzaha utaifichua. Lakini mwenzako wa dawati ana moyo, na swali lake likizimwa leo, huenda lisiwake tena. Akisimama kuuliza jambo linaloonekana la kijinga, ungana naye. Sema, "Nami nataka kujua." Maneno hayo ni machache na hayana gharama, na kama mvulana yule angalisikia mtu mmoja tu akiyasema nyuma yake, asingalihitaji kunisubiri uani.